Usalama godauni: maswali tunayoulizwa kila siku

Haya maswali nimeyakusanya kidogo kidogo. Mengine nimeulizwa na vijana wa kushusha mizigo, mengine na matajiri wenye mali, na moja niliulizwa na mama ambaye mwanae ndo kwanza alikuwa anaanza kibarua Kurasini na usingizi umempaa. Mimi nilianza kwa kubeba saruji, nikawa stoo kipa, sasa hivi nasimamia shifti ya mchana kwenye godauni moja hapa Dar, kwa hiyo najibu kama mtu wa ndani, siyo kama mtu aliyekuja na faili kwapani. Sheria nitakazozitaja ni za Tanzania Bara. Ukiwa Zanzibar au Kenya, foklifti (lile gari la kunyanyulia mizigo kwa uma za chuma) na mgongo ni vilevile ila ofisi za kwenda ni nyingine.

Kwani godauni kuna hatari gani? Si kubeba na kupanga tu?

Hapo ndo watu wanapopotea. Kiwandani mashine inanguruma unaiogopa, godauni limetulia, kuna kivuli, mtu anajisahau. Vinavyoumiza watu havizidi vidole vya mikono: kugongwa na foklifti au na gari linalorudi nyuma, kuangukiwa na mzigo, kuanguka kutoka juu, mgongo, moto, na hewa yenye sumu. Basi.

Ila ukiniuliza mimi chanzo ni nini, sitakwambia helmeti, nitakwambia haraka. Chukua kontena la futi 20 lenye mchele wa kilo 50, hapo ni kama magunia 500, yaani tani 25, na gengi la watu wanane wamepatana bei ya kontena zima, wakimaliza saa nne wanawahi jingine, wakimaliza saa nane wamekula hasara. Kijana wa namna hiyo ukimwambia apumzike ni kama unamchomoa hela mfukoni, ukimwambia avae glavu anakuona unamchelewesha. Bango la "usalama kwanza" ukutani haliwezi kushindana na mfuko.

Sisi tulichofanya, na tajiri alinuna mwanzoni, ni kwamba kila magunia 100 gengi zima linasimama dakika tano, maji yapo, na bei ya kontena haiguswi. Muda wa kushusha uliongezeka kidogo sana, hata nusu saa haifiki. Magunia yaliyopasuka yakapungua na tajiri akaacha kununa.

Buti na helmeti nani ananunua, mimi au bosi?

Bosi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga, na kumkata kibarua hela ya glavu kwenye malipo ya siku ni dhuluma tu, tusiipambe.

Kama hela ya bosi ni ndogo na lazima aanze na kitu kimoja, kwenye godauni la magunia mimi naanza na buti za chuma mbele. Watu wanakuja na ndala au yeboyebo halafu toroli la paleti (yale majukwaa ya mbao ya kupangia mzigo), lile la kupampu, linapita na tani moja juu yake. Gurudumu lake ni dogo, halina huruma na kidole. Baada ya buti ni koti la rifrekta, maana dereva wa foklifti anatoka juani anaingia gizani na kwa sekunde kadhaa haoni mtu, anaona vivuli. Helmeti ni lazima pale penye shelfu ndefu, na ikishapigwa na kitu kizito mara moja itupwe hata kama haijapasuka.

Mtu anatakiwa abebe kilo ngapi?

Shirika la Kazi Duniani mwaka 1967 lilipendekeza mwanaume mzima asizidishiwe kilo 55 kwa kubeba kwa mikono. Uingereza mwongozo wao uko chini zaidi, kilo 25 kwa mwanaume, na hiyo ni mzigo ukiwa karibu na mwili usawa wa kiuno, ukiunyanyua juu ya mabega inashuka tena. Sasa linganisha na sisi. Saruji ni kilo 50, gunia la mahindi ni kilo 100, na lumbesa ndo usiseme, limeshonewa kilemba juu na Wakala wa Vipimo wanalipiga marufuku kila mwaka kwa sababu ya kumpunja mkulima, lakini hakuna anayekumbuka kwamba kuna shingo ya mtu chini yake.

Gunia la kilo 100 halibebwi na mtu mmoja, nukta. Wawili wanampandishia mmoja begani ndo tulivyozoea, najua, na najua pia wazee wa miaka 45 pale soko la nafaka ambao hawawezi kuinama kufunga kamba ya kiatu. Tumia toroli, tumia ubao wa kuteleza kutoka kwenye gari, na kama gari limeegeshwa kwenye rampu, sakafu ya gari na ya godauni zikalingana, tayari umeokoa nusu ya kazi. Ukinyanyua, mzigo uwe kifuani, nguvu itoke mapajani, na usizungushe kiuno ukiwa na mzigo, geuza miguu. Ni kule kuzungusha kiuno ndo kunaua mgongo kuliko hata uzito wenyewe.

Magunia yapangwe mpaka urefu gani?

Urefu unategemea mfuko na mpangaji. Magunia ya nailoni yanateleza kuliko ya katani, kwa hiyo usiige ya jirani. Cha msingi yafungane kama matofali, safu ya juu ikate maungio ya safu ya chini, yakae juu ya paleti, na uache kama mita moja kutoka ukutani ili mtu apite akague, pia ukuta usisukumwe. Pembeni ya juu kidogo rudi ndani, usipandishe wima kama ukuta wa gereza.

Kinachoua hasa siyo kupanga, ni kupangua. Kijana anaambiwa leta magunia 30, anaona uvivu kupanda, anachomoa ya pembeni chini, anachomoa, anachomoa, mwisho anakuwa amechimba pango na tani 20 zimening'inia juu ya kichwa chake. Nimeshafukua mtu kwa namna hiyo. Alikuwa hai, nyonga imevunjika, na tulimpata haraka kwa sababu ndala yake moja ilikuwa imebaki nje. Pangua kutoka juu kwa ngazi ngazi, safu kwa safu, na mrundo ukiuona umeinama usiuegemeze mti, ondoa watu kwanza halafu upangue kutokea upande wa nyuma ya mwinamo.

Nina leseni ya gari, foklifti itanishinda?

Itakushinda, na utajua siku umeshabomoa. Foklifti inageuka kwa magurudumu ya nyuma, maana yake ukikata kona mbele panaonekana salama huku tako linafagia watu. Halafu ni nzito: ile ya kunyanyua tani mbili na nusu yenyewe inakaribia tani nne, haisimami kama Vitz.

Kuna kibati pale kwa dereva kinaonyesha uwezo wake, na watu wanasoma namba moja tu. Soma na ile nyingine ya umbali. Mzigo ukiwa mrefu, uzito wake unasogea mbele mbali na mlingoti (ile nguzo ya mbele inayopandisha uma), basi tani mbili na nusu siyo tani mbili na nusu tena. Tembea na uma ziko chini kama sentimita 15 kutoka sakafuni, kamwe usitembee na mzigo uko juu, kwenye mteremko mzigo uangalie upande wa kupanda hata kama unashuka (yaani unashuka kinyumenyume), honi kwenye kila kona. Na ikianza kulala, usiruke. Kila mtu mwili unamwambia ruka, na wanaoruka ndo wanaolaliwa na lile paa la chuma. Mkanda, shika usukani, kanyagia miguu, egemea upande wa pili.

Dereva awe amesoma na awe na cheti, na funguo zisikae kwenye foklifti. Kwetu kijana wa usafi aliwahi kuiwasha "kuijaribu tu", mlango wa ofisi ulibadilishwa mwezi huohuo.

Je naweza kusimama kwenye uma nipandishwe nibadilishe taa?

Hapana.

Najua wote tumefanya. Mimi nilipandishwa kwenye paleti tupu mwaka wangu wa kwanza, ubao mmoja ukakatika nikiwa juu, nikabaki nimening'inia na mkono mmoja kwenye cheni ya mlingoti, na laiti dereva angegusa ile leva ningekuwa sina vidole vya kuandika haya. Kama lazima itumike foklifti basi iwe na kikapu cha kazi chenye kuta, kilichofungwa kwenye uma. La sivyo tafuta ngazi, na ngazi ikiegemezwa, kila mita nne kwenda juu mguu wake utoke mita moja ukutani.

Wametufukizia mahindi, tunaweza kuingia lini?

Hapa naomba usome polepole. Vile vidonge vya kijivu vya kufukizia nafaka vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi inaitwa fosfini. Gesi hiyo ndo inaua dumuzi na fukusi, na haibagui. Watu wanasema inanuka kitunguu saumu au samaki aliyeoza, ni kweli mara nyingi, lakini pua siyo kipimo, unaweza usinuse kitu na ikakupata. Dalili zake zinadanganya pia: kichwa, kichefuchefu, kifua kubana, mtu anadhani ni malaria au chakula cha jana.

Turubai lililofunika magunia yanayofukizwa linakaa siku zisizopungua tano, mara nyingi zaidi, na kuingia ni baada ya mfukizaji mwenyewe kufungua, kuacha hewa ipite na kupima kwa kifaa. Siyo baada ya bosi kusema "nadhani tayari". Majivu ya vidonge usiyamwagie maji kwenye ndoo ukayafunika, yakibaki hayajaisha nguvu yanatoa gesi tena na yanaweza kuwaka. Na kama ofisi ya stoo kipa iko ndani ya godauni, ofisi nayo imefukizwa, hamna cha kusema nafunga mlango nakaa kwenye feni.

Mlinzi je? Mlinzi ndo mtu wa kwanza kusahaulika. Mvua ikinyesha usiku anasogea ndani, anatandika katoni pembeni ya turubai kwa sababu pana joto. Kabla ya kufukiza mwambie yeye kwanza, kwa mdomo, na umwonyeshe atalala wapi.

Kontena likifika tufungue tu?

Kagua sili, halafu fungua mlango mmoja, ule wa kulia, ukiwa umesimama nyuma ya mlango wenyewe, siyo mbele ya uwazi. Mzigo umekuwa unayumba baharini wiki tatu nne, katoni zimeegemea mlango zinakusubiri wewe. Wengine hufunga mkanda kuzunguka milango miwili ili ufunguke kidogo waone ndani. Ukishafungua, liache lipumue kwanza nusu saa au zaidi, maana makontena mengi yanafukizwa yanakotoka, na ukiona kibandiko chenye fuvu usiingie mpaka mtu wa kupima aje.

Dereva wa semi akabidhi funguo kwa stoo kipa muda wote wa kushusha, na magurudumu yawekewe kabari. Siyo kwamba hatumwamini. Yeye anasikia mtu anapiga kofi kwenye bodi anadhani ameambiwa "twende". Na gari likirudi nyuma anayeelekeza awe mmoja tu, siyo utingo, mlinzi na muuza karanga wote wanapiga kelele.

Milango ya dharura tumeifunga kufuli kwa sababu ya wezi. Tatizo?

Tatizo kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu. Karachi, Pakistani, Septemba 2012, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliungua na watu zaidi ya 250 wakafa, njia za kutokea zilikuwa zimefungwa. Wezi wanaiba katoni. Weka komeo la kusukuma linalofunguka kwa ndani bila funguo na kengele ikifunguliwa, mwizi atapiga kelele mwenyewe. Na mbele ya mlango huo pasiwekwe mzigo "kwa muda", kwa sababu mwezi wa Ramadhani na mwezi wa Desemba hiyo muda haiishi.

Vizimamoto: mshale uwe kwenye kijani, vining'inie pale watu wanapopita, siyo nyuma ya paleti za sabuni. Maji ni kwa katoni na mbao, kwenye umeme tumia gesi ya kaboni dioksaidi au poda, ukimwagia maji ubao wa umeme unaongeza msiba. Kizimamoto cha mkononi kinamalizika ndani ya dakika moja hivi, kwa hiyo moto ukishakuwa mkubwa kuliko pipa la taka acha, toa watu, piga 114 Zimamoto, halafu mtu asimame barabarani awaelekeze maana vichochoro vya Vingunguti vyote vinafanana. Mzigo usifike kwenye taa. Kama mna vinyunyizio vya maji darini acha nusu mita chini yake, vinginevyo vinanyunyizia mgongo wa katoni ya juu tu.

Tunaweza kuweka mbolea, rangi na dizeli ya jenereta sehemu moja? Nafasi haitoshi.

Bandari ya Beirut, godauni namba 12. Tani 2,750 za amonia naitreti, kemikali ya mbolea, zilikaa pale tangu 2014, kila mtu akijua na kila mtu akiandika barua, tarehe 4 Agosti 2020 moto ukazifikia. Zaidi ya watu 200 walikufa. Wewe huna tani 2,750, sawa, lakini kanuni ni ileile, vitu vya kuwaka visikae na vitu vya kuchochea moto, na dizeli, rangi na tina (ile ya kuyeyushia rangi) vikae chumba chake chenye hewa na kizingiti ili vikimwagika visitembee. Klorini ya maji na asidi ya kusafishia vyoo visikae shelfu moja pia, vikichanganyika vinatoa gesi ya kukaba. Na mambo ya kuhamishia tina kwenye chupa za maji ya kunywa yakome.

Sisi tunaweka mzigo ghorofani, ghorofa ya kawaida ya Kariakoo. Kuna shida?

Piga hesabu na mimi. Paleti ya mita 1.2 kwa mita 1, mifuko 40 ya saruji, hizo ni tani 2 kwenye sehemu ndogo kuliko kitanda. Pandisha ya pili juu yake, tani 4. Sakafu ya nyumba ya kuishi haikumwagwa kwa ajili hiyo. Muulize injinia jengo linabeba kilo ngapi kwa mita moja ya mraba, uandike namba ukutani kwa rangi. Asipoweza kukupa namba, weka pampasi na viatu vya plastiki, saruji ipeleke chini.

Joto la Januari tufanyeje?

Mabati ya Dar saa nane mchana hayahitaji maelezo. Kontena lenyewe ndani ni kama tanuri, anayeshusha mle abadilishane na mwenzie kila baada ya dakika 20 au 30. Maji ya kunywa yawe karibu na kazi, siyo geti la kule. Kama kuna bajeti, zile feni za juu ya paa zinazozungushwa na upepo hazili umeme. Mtu akiacha kutoka jasho huku amekuwa mwekundu au anaongea vitu havieleweki, hiyo siyo uchovu tena, mpeleke kivulini, mwagie maji mwili, hospitali.

Na foklifti ya dizeli au gesi usiiache inaunguruma kwenye godauni lililofungwa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu.

Mwenzetu kaumia, tuanze na nini?

Simamisha kila kitu, zima foklifti. Damu inaruka, gandamiza kwa kitambaa safi usiachie. Ameanguka toka juu au amelaliwa na mzigo, usimnyanyue kwa kumvuta mikono na usimkalishe kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, huo ndo usafiri wetu na umeshawapooza watu ambao mgongo ulikuwa umepasuka tu. Tafuta gari ambalo atalala chali kwenye ubao.

Halafu karatasi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, michango ilianza Julai 2015, analipa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata mia. Piga picha eneo kabla halijasafishwa, andika majina ya walioona, mwajiri atoe taarifa mapema. Wewe uliyeumia usikubali habari za "tutamalizana wenyewe, chukua hii laki". Laki inaisha, goti halijapona, na ukija kukumbuka muda wa kudai umekwisha.

OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, wakija wanaangalia nini?

Kama eneo limesajiliwa kwao, kama wafanyakazi wamepimwa afya, vizimamoto, sanduku la huduma ya kwanza, vyeti vya madereva wa foklifti, daftari la ajali. Daftari tupu kabisa la miaka mitatu halimfurahishi mkaguzi, linamfanya aulize zaidi.

Mama ntilie anaruhusiwa kuingia ndani na chakula?

Swali dogo hili lakini nimeliweka mwisho kwa makusudi. Dada wa watu ana hotipoti kichwani, mtoto mgongoni, anakatiza njia ya foklifti kila siku saa saba kasoro, na hayupo kwenye orodha ya mtu yeyote. Sisi tulichora njia ya watu kwa rangi ya njano, haikusaidia, kwa sababu wateja wake wako ndani kabisa kwenye kontena na wao hawataki kupoteza muda kutoka. Mwisho tukaweka mabenchi nje chini ya mwarobaini, saa saba kamili foklifti zote zinazimwa, funguo zinaning'inizwa kwenye msumari pale mezani kwangu, na haziondoki mpaka saa nane kasoro robo. Asiyetoka kula basi akae mle na giza lake.